Tuliandika Kwamba Wanavumilia: Risala ya Wakunga wa Ghorofa ya Chini kwa Mkurugenzi wa Afya

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Afya. Mganga mkuu wa hospitali yetu. Wakuu wa idara mliokaa meza ya mbele. Kina mama mliotoka wodini na vichanga vyenu kuja kumwona mgeni. Nanyi wenzetu mliosimama ukutani kwa kuwa viti vimekwisha:

Sisi wakunga na wauguzi wa wodi ya wazazi, ghorofa ya chini, tunakusalimu kwa heshima zote.

KARIBU KWETU

Tumekungoja kwa furaha tangu barua yako ilipofika. Sisi ni watu wa kungoja. Nusu ya kazi yetu ni kukaa kando ya kitanda tukimngoja mtu ambaye hajasema atafika saa ngapi, na akifika anatukojolea. Wewe ulitaja siku na saa. Kwetu huo ni ustaarabu wa hali ya juu.

Umekuja kuzindua tangi letu jipya la maji, na tunakushukuru kwa moyo mweupe. Kabla ya tangi hili, ndugu za wagonjwa walibeba maji kwa madumu kutoka bomba la barabarani. Siku moja bomba lilikauka kabisa, na mtoto aliyezaliwa adhuhuri ile alioshwa kwa maji ambayo muuguzi alikuwa ameyachemsha ili apike chai. Majani yalikuwa bado hayajatiwa. Mtoto yule kliniki tunamwita Chai, na mama yake hajakataa. Kuanzia leo hatutakuwa na mtoto mwingine wa jina hilo, na tunakushukuru kwa niaba ya wote watakaoponea hapo.

HISTORIA FUPI

Wodi yetu ilianza miaka thelathini na moja iliyopita katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Vilikuwa vitanda vinne, wakunga wawili na beseni moja. Leo tuna vitanda kumi na vinane na wakunga kumi na mmoja, na kila mwezi tunapokea watoto wapatao themanini. Kitanda na kitanda vimetenganishwa kwa hatua moja. Mapazia hayapo; palikuwa nayo zamani, yakachakaa, yakawa matambara ya kufutia sakafu.

Miaka saba iliyopita ilijengwa ghorofa ya juu, wodi ya kulipia, yenye vyumba sita. Kila chumba kina mlango, pazia, na kiti cha ndugu anayemsindikiza mama. Huko kuna gesi ya kuvuta kwa barakoa, ile ya kupunguza maumivu. Huko daktari wa usingizi hupita kila asubuhi na kumuuliza kila mama kama angependa sindano ya mgongo ya kuondoa uchungu wa kuzaa. Kati yao na sisi kuna vidato ishirini na viwili. Tumevihesabu. Stoo ya dawa ni moja, daktari wa usingizi ni huyo huyo, na mama anayepanda na mama anayebaki chini huingia kwa geti lile lile, kila mmoja ameshika kiuno chake.

Hatusemi haya kwa kijicho. Tunaomba uikumbuke picha hiyo, kwa maana tutakupandisha ngazi hizo muda si mrefu.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, kwa miezi kumi na minne hatujampoteza mama hata mmoja. Tunalisoma neno hili polepole kwa sababu tunalipenda. Walikuja waliokuwa wamepungukiwa damu, walikuja wa mapacha, alikuja mmoja ambaye mtoto alitanguliza mkono kama anayeomba ruhusa ya kuuliza swali. Wote walirudi nyumbani kwa miguu yao.

Tunajisifu kidogo ili ujue kwamba yatakayofuata hayakuandikwa na wazembe. Na kwa muda mrefu hesabu yetu iliishia hapo. Mama mzima, mtoto mzima, kazi imekwisha, tunanawa mikono. Mama aliyejaribu kutueleza jinsi alivyoumia tulimwambia, "Si umempata mtoto? Sasa unalia nini?" Tulimwambia kwa upendo. Tuliamini kabisa kwamba ni upendo.

CHANGAMOTO

Katika sehemu hii risala nyingi huwa na orodha. Tulikuwa nayo pia, yenye mambo tisa, kuanzia taa za korido hadi paka aliyehamia wodini. Tumeifuta. Tunayo changamoto moja, na kuieleza ni lazima tukusimulie habari za mwenzetu mmoja. Amekubali. Alisema, "Niandikeni. Jina si mmenibandika nyie wenyewe? Basi liwekeni."

Jina lenyewe ni Mama Jikaze.

Amekuwa mkunga kwa miaka ishirini na saba. Mikono yake imepokea watoto ambao sasa wanaleta watoto wao. Alipata jina hilo kwa sababu ndilo neno lake: "Jikaze, mama. Jikaze, mwanangu. Anakuja huyo, jikaze." Husema hivyo huku akikusugua mgongo kwa kiganja, saa nzima, mpaka kifundo cha mkono wake kinavimba na inabidi akifunge bandeji. Hana ukatili hata wa kumfukuza yule paka. Yeye mwenyewe alizaa wanne, na wa tatu alimzalia hapa hapa koridoni, amesimama, ameshika dirisha, kisha wiki ya sita akarudi kazini. Hakuna aliyewahi kumpa hata kidonge. Kwa hiyo moyoni mwake jambo lilikwisha kukaa sawa: kuzaa ni kuumia, na kazi ya mkunga ni kumsaidia mtu aumie vizuri.

Msimu wa mvua uliopita, asubuhi moja, ghorofa ya juu walipungukiwa mkunga. Msimamizi akamwomba Mama Jikaze apande akashike zamu. Akapanda na viatu vyake vya turubai, akijifuta futa kama anayekwenda ukweni.

Katika chumba cha tatu alimkuta mwalimu wa chuo amelala ubavu, na mdogo wake ameketi kitini. Walikuwa wakibishana kuhusu jina la mtoto. Mama Jikaze akampima: njia imefunguka sentimita nane. Akaweka mkono juu ya tumbo, na tumbo likakaza chini ya kiganja chake, gumu kama ubao. Akamtazama usoni, akingoja.

"Hilo jina ni la babu wa upande wao," mwalimu alikuwa akimwambia mdogo wake. "Kwa nini kila mtoto awe wa upande wao? Hebu nipe soksi, miguu inapoa."

Tumbo likalegea. Likakaza tena. Mwalimu akacheka kitu alichosema mdogo wake.

Mama Jikaze akamshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo. Akamfunua jicho kwa kidole gumba. Mapigo mazuri, jicho zuri. Basi akafanya jambo ambalo, mgeni rasmi, tunadhani halingefanywa na mkunga mwingine yeyote isipokuwa wa ghorofa ya chini. Alibonyeza kitufe chekundu cha ukutani, kile cha kuita watu mbio mtu anapokata roho.

Wakaja watatu. Daktari wa usingizi alikuja na mkate shavuni.

"Kuna nini?"

"Daktari, mama huyu halii!"

"Ndiyo. Halii."

"Ana sentimita nane na halii! Anaomba soksi! Mwangalieni upesi, anaondoka huyu!"

"Mimi?" akauliza mwalimu, ameinua kichwa. "Niende wapi, dada?"

Daktari akameza mkate wake. Akaeleza taratibu, bila kumdharau, kwamba mama alichomwa sindano ya mgongo saa moja na nusu asubuhi, kwamba uchungu unaendelea na kazi yake ila yeye hausikii kama maumivu, na kwamba muda wa kusukuma ukifika ataelekezwa. Mama Jikaze alikuwa ameiona sindano ile mara nyingi, lakini kwenye chumba cha upasuaji tu. Kwa mama anayezaa mwenyewe aliisoma chuoni, ukurasa mmoja, akajibu swali lake kwenye mtihani na kuisahau. Miaka ishirini na saba hakuwahi kumwona mwanamke mwenye sentimita nane akicheka.

Chumba kizima kiliangua kicheko, mwalimu akiwa wa kwanza. Mama Jikaze alicheka nao. Alipomaliza kucheka aliomba dakika moja ya hewa, akatoka kwenye kibaraza cha nyuma.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Kwenye ngazi ya chuma, ile ya nje iliyowekwa kwa ajili ya moto, dada mmoja wa usafi alikuwa akipanda na ndoo mbili, amelowa mpaka mgongoni. Huyu dada husafisha ghorofa ya juu. Sote tunamfahamu kwa sura. Husalimia kwa sauti ndogo na hana makuu na mtu.

"Wewe binti," Mama Jikaze akamwita, "mbona unanyeshewa? Ngazi ya ndani imefungwa?"

"Haijafungwa, mama."

"Sasa?"

Dada akaweka ndoo chini. "Ya ndani inapita mlangoni kwenu."

"Na mlango wetu una nini?"

"Hauna kitu. Ni mwili wangu tu. Nikifika pale unakataa."

Mama Jikaze akamtazama vizuri. Dada akatabasamu kidogo, lile tabasamu la kumwondolea mkubwa aibu.

"Hunikumbuki, eh? Miaka miwili imepita. Kitanda namba nne. Nilikuomba ile sindano ya huku juu. Mimi hudeki vyumba hivi, naiona inavyofanya kazi, naijua. Nikakuomba taratibu. Ukacheka."

"Nilicheka?"

"Si kwa ubaya, mama. Ulinisugua mgongo. Ukasema, 'Mwanangu, hiyo ni ya wenye ghorofa. Wewe una mgongo wa kazi.'"

Mvua ikaendelea.

"Halafu wakati wa kunishona," dada akasema, "nilisikia mwenzako mmoja akisema ganzi zimebaki chache, na huyu si mlalamishi. Nikashonwa hivyo hivyo. Ni kweli sikulalamika. Nilikuwa nimejishika kwenye chuma cha kitanda, sikuwa na nafasi ya kulalamika."

Hapo upepo ukaiinua aproni yake, na Mama Jikaze, ambaye macho yake hayadanganywi na aproni, akaona.

"Miezi mingapi?"

"Wa nne unaisha."

"Kliniki?"

"Sijaenda."

"Na utazalia wapi?"

"Kwa shangazi yangu."

"Shangazi yako mkunga?"

"Fundi cherehani." Dada akachukua ndoo zake. "Lakini amesema atakaa na mimi. Hataondoka."

Mgeni rasmi, hapa ndipo penye moto wenyewe. Dada huyu, mara ya kwanza, alivuja damu baada ya kuzaa mpaka tukamwongezea chupa mbili. Mtu aliyevuja hivyo mara moja anaweza kuvuja tena. Nyumbani kwa fundi cherehani hakuna chupa ya damu. Kule kuna upendo na uzi wa rangi zote, na hakuna kingine cha kuzuia damu. Tulijisifu mbele yako kwa miezi kumi na minne bila kifo, na mwanamke huyu alikuwa akijiandaa kwenda kufia mahali ambapo hesabu yetu isingemwona.

Mama Jikaze alishuka chini saa nane mchana. Hakunywa chai. Alikwenda kwenye kabati la majalada, akatafuta jalada la kitanda namba nne la miaka miwili nyuma, akalifungua. Katika chati yetu ya uzazi kuna mstari wa mapigo ya mtoto, mstari wa njia inavyofunguka, na chini kabisa kuna kisanduku kidogo kimeandikwa "Maumivu". Kila baada ya kipimo kinajazwa. Dada yule alipimwa mara saba. Mara saba, kwa mwandiko wake mzuri wa duara, Mama Jikaze alikuwa ameandika: "Anavumilia."

Akafungua jalada jingine. Anavumilia. Jingine, mwandiko wa mtu mwingine kati yetu: anavumilia. Tulipofika kwa zamu tulimkuta amekaa sakafuni, majalada yamemzunguka kama nguo za kufuliwa.

"Nyie, njooni hapa," akasema. "Ile barua ya ofisi iko wapi?"

Barua tulikuwa tumeibandika jikoni kwetu, juu ya jiko la chai, ili tuichukie kila siku. Ilitoka ofisini kwako, mgeni rasmi. Mwaka juzi tuliomba gesi ya kuvuta na sindano za maumivu kwa wodi ya chini, na ofisi yako ikatujibu kwa adabu kwamba imepitia kumbukumbu zetu za miaka mitatu, na kumbukumbu hizo hazionyeshi uhitaji. Tulikasirika sana. Tuliisema ofisi yako maneno ambayo leo, mbele ya vichanga hawa, hatuwezi kuyarudia. Tulisema huko juu mmekaa watu wenye mioyo ya saruji.

"Someni," Mama Jikaze akasema, akatusukumia majalada. "Wametusingizia nini? Haya yote ni maneno yetu."

Mmoja wetu akajitetea. "Sasa ulitaka tuandike nini? Analia? Wote wanalia."

"Huyu hakulia. Aliomba."

"Aombe, na dawa hatuna?"

"Basi tungeandika kwamba hatuna. Tumeandika kwamba hataki."

Akalifunga jalada lililokuwa mapajani pake.

"Na zile dawa chache tulizokuwa nazo," akaongeza, na hapa sauti yake ilishuka, "tuliwapa nani? Semeni kweli. Tulimpa aliyekuja na mume mwenye sauti. Tulimpa anayejua jina la dawa. Huyu anayefagia, yule anayeuza mboga, yule binti aliyetoka shamba ambaye lugha inamkwama, tuliwaambia wana mgongo wa kazi."

Mgeni rasmi, ndiyo changamoto yetu. Ofisi yako ilituamini. Kila mwezi stoo huleta dawa kwa kadiri ya zilizotumika mwezi uliopita. Tulipoandika kwamba mama anavumilia, hatukutumia dawa. Kwa kuwa hatukutumia, zilipunguzwa. Kwa kuwa zilipunguzwa, tuliandika tena kwamba anavumilia, maana lilikuwa neno lisilotuletea kesi. Tuliuzungusha mduara huo miaka na miaka kwa mikono yetu, na katikati yake tuliwalaza wanawake.

Kuanzia wiki ile tumebadilisha utaratibu. Hatutazami tena uso wa mama na kukisia. Tunamuuliza: kati ya sifuri na kumi, maumivu yako ni ngapi? Je, ungependa dawa? Jibu lake linaandikwa kama alivyolitoa. Mara ya kwanza mama mmoja alituambia, "Kumi na nne," tukaandika kumi na nne. Ganzi ya kushonea haibaniwi tena. Anayeshona husubiri ishike, hata kama foleni inafika mlangoni. Katika miezi minne iliyopita tumewauliza wanawake mia tatu na kumi na wawili. Mia mbili themanini na saba walisema ndiyo, tungependa. Tuliweza kuwapa arobaini na mmoja. Waliobaki tuliwashika mikono na kuwaambia ukweli, kwamba dawa hakuna, tunasikitika. Wengi walitushukuru kwa kuulizwa tu, na hilo ndilo lililotutoa machozi usiku wa kuamkia risala hii, sisi ambao tunajidai wazoefu.

Na dada wa usafi? Mama Jikaze alimfuata kwa ngazi ya nje siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza alimwomba radhi, dada akasema, "Yamekwisha, mama," kwa namna ambayo mtu yeyote angejua hayajaisha. Siku ya pili alimbebea ndoo moja. Siku ya tatu dada alikubali kuja kliniki kupimwa, kwa mlango wa nyuma. Amekuja kila alipoitwa. Damu yake ni nzuri, mtoto amekaa vizuri. Lakini kuhusu kuzalia kwetu amesema jambo moja na hajasogea: "Nitakuja mkiwa nayo. Mkiwa hamna, niambieni kweli, niende kwa shangazi."

Alituruhusu tumsimulie leo kwa sharti. "Msiseme nililia," alisema. "Sikulia. Mkisema nililia nitakuja kukanusha mbele za watu." Tunathibitisha mbele yako: hakulia.

MAOMBI

Uongozi ulitushauri tuombe geti jipya. Geti tutaliomba mwakani. Leo tunaomba haya.

Kwanza, dawa za maumivu na gesi kwa ghorofa ya chini zigawiwe kwa kuhesabu wanawake watakaozaa, wala si kwa kuhesabu tulichotumia katika miaka tuliyoandika uongo. Hesabu sahihi ya miezi minne tumeiambatanisha, ina saini zetu zote kumi na moja.

Pili, daktari wa usingizi aruhusiwe kushuka vile vidato ishirini na viwili. Tumezungumza naye. Amesema miguu anayo, kinachokosekana ni barua na mwenzake mmoja wa kumsaidia zamu. Hatuombi kila mama achomwe sindano ya mgongo. Wapo wasioitaka, na hiyo ni haki yao. Tunaomba anayeitaka asijibiwe kwa kuangaliwa kazi anayofanya.

Tatu, mapazia. Kitambaa chochote, rangi yoyote. Tukiwa na mapazia, kila mama ataweza kuingia na dada yake, au mama yake, au shangazi. Tumejifunza kwamba mwanamke yuko tayari kuhatarisha damu yake apate mtu mmoja ambaye hataondoka. Hilo hata stoo ya dawa haihusiki nalo.

Tunajua, mgeni rasmi, kwamba huwezi kutekeleza yote leo kutoka kwenye kiti hicho. Lakini ombi la kwanza lina sehemu ndogo unayoiweza. Ghorofa ya juu kuna mitungi sita ya gesi, na wiki hii vyumba vitatu ni vitupu. Neno lako moja kwa mganga mkuu aliyekaa kulia kwako linaweza kushusha mitungi miwili kabla hujapanda gari.

Tunaharakisha kwa sababu hii. Dada wa usafi anatarajia kujifungua baada ya siku kumi na nane. Leo zamu yake inaisha saa tisa. Atashuka kwa nje, atasimama chini ya ngazi ya chuma, na atamuuliza Mama Jikaze swali moja: "Amesemaje?" Chochote utakachosema ndicho tutakachomwambia, neno kwa neno, bila kuongeza sukari.

Na Mama Jikaze, bila kumshirikisha yeyote, amejaza fomu ya likizo yake ya mwaka kuanzia wiki ile ambayo dada anatarajia kujifungua. Tumeikuta mezani kwa msimamizi. Penye kuandika mahali atakapokuwa wakati wa likizo, ameandika nyumba ya fundi cherehani. Hajaisaini bado. Anasema atajua leo kama ataihitaji.

Mungu akurudishe nyumbani kwa amani, awape afya wote walio chini ya dari lako, na kila mwanamke wa ukoo wako atakayeshikwa na uchungu apate wa kumuuliza anajisikiaje na kuliamini jibu lake.

Ni sisi,

Wakunga na Wauguzi wa Wodi ya Wazazi,
Ghorofa ya Chini.